Mlima Haukurudisha Fomu

Kuna nchi moja, na wenyewe wapo, kwa hiyo tuiseme kwa adabu. Jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Mimi ni jasiri sana nikiwa nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Ni kwamba jina la nchi hiyo lilishushwa kutoka kwenye ramani mwaka juzi, likapelekwa kufanyiwa ukarabati, na hadi ninapowasimulia haya mkandarasi hajalirudisha.

Katika nchi hiyo watu hawashindani. Ushindani, wanasema, ni tabia ya nchi zenye haraka. Wao hupita bila kupingwa. Mkuu wa Nchi alipita bila kupingwa mara sita, na mara ya saba akapita kabla uchaguzi haujatangazwa, kuokoa muda. Wabunge walipita bila kupingwa. Mwenyekiti wa chama cha wafuga nyuki alipita bila kupingwa, ingawa nyuki wenyewe hawakuulizwa. Hata ile timu ya mpira ya Wizara ya Utulivu ilichukua kombe la taifa bila kugusa mpira, baada ya timu nyingine kumi na tisa kugundulika kuwa zimeandika majina ya makipa wao kwa herufi ndogo. Magoli hayakuwepo, lakini watu walishangilia, maana askari wa kusimamia ushangiliaji walikuwepo.

Basi siku moja redio ikatangaza jambo jipya. Kikosi Maalumu cha Ngurumo, kile cha makomando, kinafungua milango. Kwa mara ya kwanza askari wa akiba na raia wa kawaida wataruhusiwa kujaribu mchujo wake: mbio, kuogelea, siku mbili bila chakula, na mwisho kupanda Mlima Kibogoyo na kiroba cha mchanga mgongoni. Nafasi ni kumi na mbili. Watakaofaulu watapelekwa Kituo cha Kileleni, juu ya mlima huo huo, kuungana na askari arobaini hodari ambao redio ilikuwa ikiwasifu kila asubuhi baada ya bei za mazao. Waziri alieleza kuwa mataifa makubwa yote hufanya hivyo, na kwamba yeye binafsi alipata wazo hilo akiwa ndani ya ndege.

Mwanamke mmoja, Sikudhani Mbelwa, alilisikia tangazo hilo akiwa kwenye benchi la ofisi ya tarafa, anasubiri barua zigongwe muhuri. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na kazi yake ilikuwa utarishi: kubeba barua za serikali kwa miguu hadi vijiji vya bondeni ambako gari haliendi. Tena alikuwa mgambo, yaani askari wa akiba. Mgambo wa nchi hiyo hupewa vitu viwili, bunduki ya mbao ili asijiumize, na filimbi.

Kaka yake, Chande, naye alikuwa mgambo. Mwaka uliopita, saa sita mchana, wezi wa ng'ombe walivuka mpaka wakaingia kijijini kwao Ndundwe na bunduki ambazo hazikuwa za mbao. Chande akasimama kwenye kivuko cha korongo, akaelekea Kileleni, akapuliza filimbi. Akapuliza, akapuliza, akapuliza, ili wale askari arobaini washuke. Hawakushuka. Alikutwa pale pale kivukoni, kafa, kamba ya filimbi imemzunguka mkononi.

Serikali haikukaa kimya. Iliandika barua. Barua ilisema uchunguzi wa kina umebaini kuwa marehemu alipuliza mbili fupi na moja ndefu, badala ya moja ndefu na mbili fupi, na kwa sababu hiyo askari wa Kileleni walidhani ni watoto wanacheza. Marehemu anapewa onyo kali, asirudie, na anatakiwa kuweka saini kuthibitisha kuwa amelipokea. Barua ikagongwa muhuri, ikakabidhiwa tarishi wa tarafa aipeleke.

Tarishi akaibeba kilomita kumi na nane hadi mlangoni kwa mama yake mwenyewe. Alimkuta mama kavaa ile filimbi shingoni, anamenya viazi. Sikudhani akashindwa kuitoa barua mkobani. Wakala viazi, wakaongea habari za mvua, akarudi nayo. Tangu siku hiyo alikuwa akitembea nayo, haijasainiwa, na ilimuuma kila alipofungua mkoba. Hakuutaka ukomando kwa ajili ya kofia nyekundu. Alitaka akae Kileleni yeye mwenyewe, na masikio yake mawili, ili siku filimbi ikilia tena bondeni awepo mtu wa kuisikia na kushuka.

*

Watu waliojitokeza kujiandikisha walikuwa mia sita na kumi na wawili. Walipewa Fomu Namba Tisa, wakakaa chini kwenye nyasi za uwanja ulio mguuni pa mlima, wakaanza kuijaza. Walikuwepo mgambo na filimbi zao, walikuwepo wachoma mkaa, makuli wa stendi, mwalimu mmoja wa jiografia, na mabinti wawili wa timu ya netiboli. Walijaza vizuri mpaka walipofika kipengele cha nne, ndipo kalamu zikasimama.

"Dada," alinong'ona mwanamume aliyekaa karibu na Sikudhani, "hapa penye uraia umeandika nini?"

Alikuwa Barnaba Kisoka, kinyozi wa sokoni, mtu mwembamba mwenye mdomo unaofanya kazi kuliko mkasi wake. Shingoni alikuwa amening'iniza redio ndogo, maana kinyozi bila redio ataongea nini na wateja.

"Sijaandika kitu," Sikudhani alisema. "Jina la nchi si liko kwa fundi?"

"Ndiyo maana nauliza! Nikiacha wazi, wataniambia nimeacha wazi. Nikiandika lile la zamani, wataniambia nimetumia mali ya umma ikiwa kwenye matengenezo."

Sikudhani akaiangalia fomu, akauangalia mlima. "Mimi naandika 'wa hapa hapa'."

"Wa hapa hapa," Barnaba akarudia, akacheka kimya kimya. "Haya. Na mimi wa hapa hapa. Watupe mahali pengine kama wanapajua."

Wiki moja baadaye, saa moja asubuhi, wote waliitwa uwanjani kusikia majina. Safari hii kulikuwa na mahema, zulia, na magari ya redio ya taifa yenye waya mrefu. Chini ya mahema walikaa vijana kumi na wawili waliovaa kofia nyekundu tayari, wananukia sabuni. Juani walikaa wengine mia sita. Pembeni kabisa, karibu na viroba vya mchanga, alisimama Sajenti Gombera, mkufunzi wa kikosi, aliyetumikia jeshi miaka ishirini na sita, ambaye alikuwa amevijaza viroba vyote kwa mkono wake, mia sita na kumi na viwili, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia aache.

Akasimama Jenerali Dokta Mhandisi Wakili Sospeter Kihongwe. Medali zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba alipoinama kwenye kipaza sauti zililia kama masufuria.

"Ndugu wananchi! Mchujo huu umekuwa mkali kuliko mchujo wowote uliowahi kutokea. Watahiniwa mia mbili na kumi na saba wameenguliwa kwa kuacha kipengele cha uraia wazi, jambo linaloonyesha kuwa hawajui ni wa wapi. Mia tatu themanini na mmoja wameenguliwa kwa kuandika jina la nchi lililo kwenye ukarabati, jambo ambalo lingeweza kulivunja. Na wawili wameenguliwa kwa kuandika 'wa hapa hapa', lugha ya vijiweni."

"Sisi hao," alisema Barnaba. "Angalau tumetajwa peke yetu."

"Wamebaki kumi na wawili," Jenerali aliendelea, "ambao waliandika jina sahihi, jina jipya, ambalo bado ni siri ya taifa." Vijana wa kofia nyekundu wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu. Baba zao walikuwa kwenye kamati ya ukarabati. "Sasa basi! Katika mbio kulikuwa na watu kumi na wawili na nafasi kumi na mbili. Kukimbia kungekuwa kutafuta jasho lisilo na sababu. Wamepita bila kupingwa! Bwawa la kuogelea halikuwasilisha pingamizi. Wamepita! Njaa tuliiandikia mara mbili ije kujieleza, haikutokea. Wamepita! Na Mlima Kibogoyo, ndugu zangu, ulipewa siku saba uwe umerudisha fomu." Akanywa maji. "Haukurudisha! Mlima umejiengua wenyewe!"

Makofi yakalia. Mheshimiwa mmoja alifuta machozi. Sikudhani akageuka kuutazama mlima, ambao ulikuwa umekaa pale pale, mkubwa, hauna habari kwamba umeshindwa.

Akanyoosha mkono. Mkono ule ulisababisha kitu kama upepo baridi chini ya mahema, kwa sababu katika uwanja ule mikono ilikuwa haijawahi kunyooshwa mmoja mmoja.

"Shikamoo, Jenerali."

"Marahaba. Ulitaka kushukuru?"

"Nilitaka kuuliza. Hawa watapanda lini mlima?"

"Wameshaupita, mama. Umesikia."

"Kuupita nimesikia. Nauliza kuupanda."

Jenerali akatabasamu, tabasamu la mtu anayeongea na watoto mbele ya wageni. "Wewe ni nani?"

"Sikudhani Mbelwa. Askari wa akiba, Ndundwe."

"Akiba! Basi neno lenyewe linakueleza, mama. Akiba hukaa. Akiba ikishatumika si akiba tena. Nenda kakae."

Watu wa mahemani wakacheka sana. Wa juani hawakucheka. Na Sikudhani, niseme ukweli, alisikia aibu kwanza, ile aibu ya kuchekwa mbele ya watu, ikamwasha masikio. Halafu aibu ikaondoka ikabaki hasira, na hasira hiyo ilikuwa imetulia, ina akili zake. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Sajenti Gombera.

"Afande, kuna sheria inayokataza mtu kupanda Kibogoyo?"

Sajenti alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu na kwa haki. "Mlima umetoka kwenye mchujo," alisema. "Kwa sasa ni mlima wa kawaida."

"Na mchanga huu ni wa serikali?"

"Mchanga ni wa mtoni. Viroba nimeshona mimi."

Sikudhani akachuchumaa, akajitwisha kiroba mgongoni, kilo ishirini na tano, akafunga kamba kifuani. Barnaba akamjia mbio.

"Dada Siku, umeshaenguliwa, mwenzangu! Kupanda sawa, panda, lakini mchanga wa nini?"

"Sitaki mtu aje aseme nilipanda mikono mitupu."

Barnaba akamtazama, akatazama mahema, ambako sasa walikuwa wanagawa soda. Akatema mate pembeni. "Nisaidie kufunga," akasema.

Wakainuka wengine. Mabinti wa netiboli, mwalimu wa jiografia, makuli, wachoma mkaa, mgambo saba na filimbi zao. Jumla thelathini na mmoja. Wengi hawakuinuka, na siwalaumu, jua lilikuwa kali na nyumbani kulikuwa na kazi. Sajenti Gombera akawatazama wanavyoondoka, midomo yake ikihesabu. Amri aliyopewa kwa maandishi ilimtaka atembee nyuma ya watahiniwa na kuokota wanaoanguka. Aliisoma tena. Haikusema watahiniwa gani. Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, akawafuata.

*

Kibogoyo ni mlima wa hila. Mwanzo unakuchekea, njia pana, vichaka vya kuokotea kuni, halafu ghafla njia inaisha bila kuaga. Saa tatu walikuwa wameshafika kwenye korongo, na maji yalikuwa ya kifuani, baridi, yanavuta.

Barnaba aliingia ameinua redio juu ya kichwa. Redio ilikuwa inatangaza moja kwa moja kutoka uwanjani.

"Naam, wasikilizaji!" mtangazaji alikuwa akipiga kelele. "Wakati huu ninapozungumza nanyi, makomando wetu kumi na wawili wanavuka Korongo la Ndundwe! Maji yamewafika kifuani! Lakini tazama nyuso zao, wasikilizaji, tazama! Hakuna hata mmoja anayetetemeka!"

Barnaba, maji kifuani, meno yakigongana, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Jamani, sogeeni kidogo," alisema. "Tusije tukawakanyaga mashujaa."

Kicheko kilichotoka pale kilitaka kuwaangusha majini. Hata Sajenti Gombera alicheka, akajifanya amepaliwa.

Sikudhani hakucheka. Alikuwa ameshafika ng'ambo, amesimama kwenye jiwe bapa la kivuko. Jiwe lilikuwa jiwe tu, limeoshwa na mvua za mwaka mzima, lakini yeye alijua mahali Chande alipoweka mguu wa kushoto na mahali alipoweka wa kulia. Kutoka hapo Kileleni kulionekana wazi, na kofia arobaini zimejipanga juu ya ukuta. Kaka yake alikuwa anaziona. Alikufa anaziona. Akataka kukaa chini alie, na kiroba kikamvuta akae. Akaona akikaa hatainuka. Akageuka akapanda.

Sitawachosha na saa zilizofuata. Watu tisa walirudi: mmoja aliteguka mguu, wengine pumzi ziliwaishia, na Sajenti aliwapigia saluti kila mmoja, akawapa maji, akawaonyesha njia ya kushukia. Mabinti wa netiboli waligundulika kuwa na magoti ya chuma. Mwalimu wa jiografia alieleza aina za miamba mpaka akaombwa na watu wote apumzishe miamba. Kwenye jabali la mwisho Sajenti alitangulia akatupa kamba, wakapanda mmoja mmoja, kucha zikiachwa njiani.

"Mlima unaitwa Kibogoyo," alilalamika Barnaba, ananing'inia, "lakini mbona unauma?"

Na redio shingoni mwake ikaendelea: makomando wamelipanda jabali la mwisho, makomando wanaimba, makomando wamekataa kupumzika. Nyuma ya sauti ya mtangazaji ilisikika, ukitega sikio, milio ya uma kwenye sahani.

*

Saa kumi alasiri walifika kileleni, ishirini na wawili, na sajenti wao. Mbele yao, hatua hamsini hivi, walisimama askari arobaini, wamewapa mgongo, wameelekea bondeni, wamenyooka kama walivyosifiwa.

Sajenti Gombera akavaa kofia vizuri, akafunga kifungo cha shingo, akapiga mguu chini. "Jambo, afande!"

Upepo ukapita. Hakuna aliyegeuka.

"Jambo, afande!"

Sikudhani ndiye aliyesogea. Alimzunguka wa kwanza amtazame usoni, akanyoosha kidole, akamgusa shavu. Shavu lilikuwa ubao. Akamgusa wa pili, ubao. Wote arobaini walikuwa mbao zilizokatwa kwa msumeno, zimepakwa rangi ya sare, zina kofia za kweli vichwani, na mmoja fundi alimchorea tabasamu. Mgongoni kila mmoja alikuwa amegongwa muhuri mwekundu: YUPO KAZINI.

Barnaba akapunguza sauti ya redio.

Sikudhani akakaa chini na kiroba chake mgongoni. Kaka yake alikuwa na bunduki ya mbao mkononi, na huku juu, alikoitazamia nchi yake nzima imsaidie, kulikuwa na jeshi la mbao.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Akatoka mwanamume wa makamo, amevaa aproni iliyofuliwa mpaka ikachoka, mkononi ana mwiko mrefu. Akawaangalia mmoja mmoja, akawahesabu, macho yakamjaa machozi.

"Ndiyo mmefika?" alisema. "Karibuni. Nimewangoja miaka sita."

Alikuwa anaitwa Likwelile, mpishi wa jeshi. Aliletwa atangulie aandae jikoni, akaambiwa askari wanakuja kesho yake. Kesho yake zikaja mbao. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuzifuta vumbi, na kujibu simu ya upepo kila jioni. Makao makuu wakiuliza "Askari arobaini wapo?" yeye hujibu "Thibitika", ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ukutani.

Sikudhani akainuka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka, mwaka jana, mwezi wa nane. Ulisikia filimbi?"

Likwelile akaushusha mwiko.

"Nilisikia. Ilikuwa saa sita mchana, nimeinjika maharage. Nikatoka mbio, nikawaita hawa." Akaonyesha mbao, akaona haya. "Unajua tena, mtu ukichanganyikiwa. Halafu nikashuka mwenyewe, na mwiko huu. Nilipofika nusu, filimbi ikanyamaza."

"Ililiaje?"

"Moja ndefu, mbili fupi."

"Sema tena."

"Moja ndefu, mbili fupi, dada. Safi kabisa. Mtu yule alikuwa anaijua kazi yake. Alipuliza mara thelathini na moja, nilihesabu. Nikaandika barua makao makuu, wakanipa onyo kali kwa kuacha jiko linawaka."

Hapo Sikudhani akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mbele ya mgambo na wachoma mkaa, na kati ya kilio kicheko kikamtoka, kwa sababu hatimaye alikuwa amempata mtu aliyemsikia Chande, na mtu huyo alikuwa ameshuka na mwiko. Akatoa barua mkobani. Mahali pa saini ya marehemu akaandika: Alipuliza sawasawa. Akampa Likwelile kalamu, naye akaweka saini yake chini, taratibu, kwa mwandiko wa mtu ambaye hajasainishwa jambo la kweli kwa miaka sita.

"Basi," alisema Sikudhani, anafungua kamba ya kiroba. "Mimi sishuki."

"Kukaa hapa?" aliuliza Barnaba.

"Hapa hapa. Tukaipange mifuko hii ukutani. Mchanga si ndio kazi yake?"

Barnaba akashusha kiroba chake, kikatua kwa kishindo. "Na mimi wa hapa hapa," akasema. "Ila nani atamnyoa mwenyekiti wa soko?"

Hawakuwa wamemaliza kupanga viroba, simu ya upepo ikakoroma kibandani. Sajenti Gombera na Likwelile wakatazamana. Ilikuwa sauti ya Jenerali mwenyewe, na redio ya Barnaba ikairudia neno kwa neno, kwa maana kilele cha sherehe kilikuwa hiki: taifa zima lisikie makomando wakithibitishwa.

"Kileleni, Kileleni! Hapa ni Jenerali Dokta Mhandisi Wakili Kihongwe. Thibitisha kuwasili kwa makomando kumi na wawili."

Likwelile akanyoosha mkono kwa mazoea. Sikudhani akamtangulia.

"Hapa Kileleni," alisema. "Hao hatujawaona. Sisi tupo ishirini na wawili, na sajenti, na mpishi."

Uma ulianguka kwenye sahani mahali fulani, nchi nzima ikasikia.

"Ninyi akina nani?"

"Wa hapa hapa."

"Mmepita kwa utaratibu gani?"

"Kwa miguu."

"Nauliza, nani amewapitisha?"

"Hakuna. Maji yalitupinga, jabali likatupinga, na wewe asubuhi ulitupinga mbele ya watu." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Wenzetu wamepita bila kupingwa. Sisi tumepita tukipingwa."

"Shukeni mara moja! Ni amri! Askari arobaini walioko hapo wanaamriwa kuwashusha!"

Sikudhani akageuka kuzitazama mbao.

"Tumewaambia, Jenerali," alisema. "Hawataki. Njoo uwaambie mwenyewe, njia ni ile ile."

Hapo ndipo redio ya taifa ilipoweka muziki. Ilichelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikiliza, mlango umefungwa, na nakiri kwamba niliufungua.

Wale makomando kumi na wawili waliagizwa wapande wakawatoe wavamizi. Wakautazama mlima, mlima ukawatazama. Inasemekana waliomba fomu. Jenerali akaona ni heri kufuata taratibu, akaandika barua ya kuwaengua watu wa Kileleni kwenye kituo hicho, barua ndefu yenye vifungu kumi na vinne. Ikagongwa muhuri, ikapelekwa ofisi ya tarafa ili ipelekwe juu kwa miguu. Iko kule mpaka leo, juu ya benchi, inamngoja tarishi.

Lakini haya yalikuja baadaye. Jioni ile, muziki ulipoanza, Sikudhani alitoka nje akasimama ukutani, kati ya ubao na ubao. Jua lilikuwa bado lipo. Chini kabisa alikiona kijiji cha Ndundwe, mabati machache na moshi wa jikoni, na kwenye jiwe la kivuko mtu mmoja mdogo amevaa khanga. Kule bondeni nako redio ilikuwa imesikika.

Filimbi ikaja juu, imechoka kwa kupanda mlima lakini imefika. Moja ndefu, mbili fupi. Mama yake hakuwa na dharura. Alikuwa anauliza.

Mgambo saba wakavua filimbi zao shingoni, naye Sikudhani akapanda juu ya viroba vya mchanga ili aonekane, na safari hii Kileleni kukajibu.